Usichinje Kuku Gari Halijatoka Bahi

Mama yangu hakuwahi kumiliki saa. Alikuwa na dirisha la ofisi ya stesheni masta, na kwa dirisha hilo alitulea watoto watano.

Nyumbani ni Saranda, stesheni ndogo ya Reli ya Kati, chini ya mlima wa kupanda Manyoni. Kama umewahi kwenda Tabora, Kigoma au Mwanza kwa treni unapajua, hata kama jina umelisahau, kwa sababu hapo ndipo ulipokula kuku. Gari lililotoka Dar es Salaam jioni lilikesha njiani, likaamkia Dodoma, na hadi lije kufika kwetu abiria walikuwa na njaa ya tangu jana. Lile la kutoka bara nalo lilitukuta mchana, likishuka mlima taratibu huku breki zikitoa harufu ya chuma kilichoungua. Kwetu treni ni gari. Basi ni basi.

Sheria ya mama ilikuwa moja: usichinje kuku gari halijatoka Bahi.

Ukiisikia unaweza kudhani ni mambo ya jikoni tu. Sasa piga hesabu. Kuku wa kienyeji achinjwe, anyonyolewe, achemshwe mpaka alainike (na jogoo mzee hajui haraka), ndipo akaangwe. Ukianza mapema mno anapoa, anakauka, na abiria anambonyeza kwa kidole gumba kisha anahamia kwa jirani yako. Friji hakuna. Kesho gari hakuna, maana ya abiria yalipita siku chache tu kwa wiki. Ukichelewa, linakuja na kuondoka wewe ungali unapuliza moto. Muda wa kutoka Bahi, kupitia Kintinku na Makutupora, hadi kwetu, ulimtosha mama barabara ikiwa maji yalishachemka na kisu kimenolewa. Dakika za ziada hazikuwapo.

Swali ni hili: mwanamke aliyekaa kwenye meko yake Saranda alijuaje kwamba gari limetoka Bahi?

Hapo lazima nieleze reli ilivyo, jambo ambalo mimi mwenyewe nililielewa nikiwa mkubwa. Reli hii Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na waliijenga njia moja tu, upana wa mita moja. Magari mawili yakikutana porini hakuna wa kumpisha mwenzake. Kupishana ni stesheni peke yake, mahali njia inapogawanyika: mmoja anaingia pembeni anasubiri, mwingine anapita. Ndiyo maana kuna stesheni nyingi ambazo mgeni akizitazama dirishani anashangaa zinamhudumia nani, nyumba tatu na mibuyu. Kupanda na kushuka kwa watu hakukuwa sababu kubwa ya kuziweka. Ziliwekwa magari yapate pa kupishana. Watu ndio tulioifuata stesheni, tukajibandika ubavuni mwake kama kupe.

Na kwa kuwa njia ni moja, gari haliwezi kuondoka stesheni moja kabla ya stesheni ya mbele kukubali kulipokea. Bahi anaomba njia Kintinku, Kintinku akikubali gari linatoka. Kintinku naye anaomba Makutupora, Makutupora anaomba kwetu. Haya yote yalipita kwenye simu ya mezani, ile ya waya, yenye kengele ya kukera. Kwa hiyo ndani ya chumba kile kidogo kulikuwa na mtu mmoja aliyejua kwa hakika gari lilipo, kila saa, mchana na usiku. Sisi wengine wote tulikuwa tunabahatisha.

Mama aliweka meko yake hatua kama kumi na tano kutoka dirisha hilo. Pale hapakuwa pazuri. Jua la saa tano lilipachoma, na wenzake waliojipanga karibu na mahali mabehewa ya daraja la tatu yaliposimama walimcheka. Lakini yeye alisikia simu. Baada ya miaka alikuwa anazitambua sauti: stesheni masta akiongea kwa mkato, gari linatembea, akiinua sauti na kurudia rudia, kuna jambo. Na kila asubuhi ya siku ya gari mimi nilitumwa na kikombe cha uji wa uwele.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwambie mama bado lipo Dodoma. Na likitoka litampisha wa mizigo Kigwe."

Nilidhani ule uji ni ukarimu. Ulikuwa ukarimu kweli, kwa sababu stesheni masta alipougua, mama alimpelekea hata siku zisizo na gari. Lakini ulikuwa pia ndio mtaji mkubwa wa biashara yetu, kuliko kuku, kuliko mafuta. Wenzake walipika vizuri kumzidi. Nasema hivyo kwa heshima zote, mama yangu ana mkono mzito wa chumvi. Ila kuku wake alikuwa wa moto siku zote gari linapofunga breki, na mtu aliyekaa usiku kucha kwenye benchi la mbao hajali chumvi akiona mvuke.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili mama alipopata homa, akalala, nikaachiwa kazi. Ukutani pale stesheni palikuwa na ratiba. Nilikuwa nimefaulu vizuri hesabu, najua kusoma, nikaona haya mambo ya kusubiri simu ni ya watu wasiojua kusoma. Nikaitazama ratiba, nikapiga hesabu kurudi nyuma, nikachinja kuku sita. Uji sikupeleka. Wakaiva vizuri kabisa. Saa sita ikapita. Saa nane. Saa kumi nikaona hata mbwa wamehama kutoka kwenye reli kuja kukaa karibu na sinia langu. Gari la mizigo lilikuwa limeharibika injini upande wa Kigwe, na la abiria limesimama nyuma yake likisubiri. Lilifika usiku mnene. Abiria walikuwa wamelala, madirisha yamefungwa kwa baridi. Niliuza mapaja mawili.

Mama hakunipiga. Alinyanyuka na homa yake, akawaangalia wale kuku, akaniuliza, "Nani alikwambia gari linakuja?"

"Ratiba."

"Ratiba inakaa hapa. Gari liko huko."

Tulikula kuku siku mbili mfululizo, jambo ambalo halikuwahi kutokea nyumbani, na sikufurahia hata kipande.

Kuhusu kuuza kwenyewe. Honi ilisikika kwanza kwa mbali, halafu stesheni yote inasimama kwa pamoja, wanawake wanafunga kanga vizuri, watoto tunajipanga. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa madirishani. Unanyanyua sinia juu ya kichwa kwa mikono miwili, dirisha liko juu kuliko wewe, humwoni mteja, unaona mkono tu unashuka na kuchagua. Mafuta ya kuku yanatiririka kwenye kiganja, yanafuata mkono, yanaingia kwapani. Mpaka leo harufu ya shati lenye mafuta ya kuku yaliyopoa inanirudisha pale. Mkono ule unabonyeza, unageuza, unashika mwingine. Huku nyuma yako kelele: mayai, maji, karanga, kuku wa moto, ubuyu. Daraja la kwanza walikuwa na behewa la chakula, wakishuka ni kunyoosha miguu na kuuliza bei kwa kujifurahisha. Pesa ilikuwa daraja la tatu. Na gadi akishika filimbi, bei yoyote iliyokuwa inabishaniwa ilikubaliwa papo hapo, wakati mwingine kwa faida yetu, wakati mwingine yao.

Kitu kilichotumaliza ni chenji. Mtu anatoa noti kubwa sekunde ya mwisho, na wengine walifanya hivyo kwa makusudi, wakijua utababaika na kuwaachia kuku. Mama alikuwa na kibindo cha noti ndogondogo na sarafu alichokijaza siku moja kabla kwa kuzunguka maduka. Kuku bila chenji, alisema, ni kuku wa sadaka.

Siku moja lakini mambo yalikwenda kinyume. Mzee mmoja, shati la bluu, behewa la tatu kutoka mwisho, alinipa noti ya elfu kumi kwa kuku mmoja. Chenji yangu haikutosha. Nikakimbia kwa mama, na niliporudi magurudumu yanazunguka. Nilikimbia sambamba na behewa mpaka changarawe ziliponishinda. Mzee alichungulia dirishani, hakupiga kelele, aliniangalia tu. Nilirudi na pesa ya mtu mkononi, na nakiri moyoni nilikuwa nimeshaanza kuigawa.

Mama alinichukua kwa sikio hadi dirishani kwa stesheni masta. Akaeleza. Stesheni masta akacheka, akanyanyua simu, akapiga Manyoni. "Behewa la tatu kutoka mwisho, shati la bluu, mzee." Manyoni kulikuwa na mama muuza chai ambaye mama yangu alifahamiana naye kwa miaka mingi, ingawa nadhani walikuwa wameonana ana kwa ana mara chache sana. Gari lilipopanda mlima na kufika Manyoni, yule mama alimtafuta mzee wa shati la bluu, akamlipa chenji yake kutoka mfukoni mwake. Wiki iliyofuata mama alimpa gadi wa gari la kwenda bara bahasha ya kumfikishia mwenzake. Kutuma pesa kwa simu ya mkononi hakukuwa hata kwenye ndoto za watu.

Nafanya biashara ya kuku Dodoma sasa, nawapelekea wenye hoteli na migahawa. Nina simu mbili na kijana wa pikipiki. Lakini kila ninapoaminiwa mzigo kwa neno tu namkumbuka yule mama wa Manyoni, ambaye sikuwahi kumwona uso.

Jumatatu, tarehe 24 Juni 2002. Hii sipendi kuisimulia lakini siwezi kuiruka.

Maji yalikuwa yamechemka. Kuku tisa kwenye tenga, wamefungwa miguu. Gari lilikuwa limetoka Dar es Salaam Jumapili jioni, na asubuhi ile tulipaswa kusikia habari ya Dodoma. Simu ililia, ikalia tena, halafu ikawa hailii kabisa. Nilipeleka uji, stesheni masta akaniashiria niuweke chini bila kunitazama. Baadaye alitoka mwenyewe nje, hana kofia, akaja hadi kwenye meko.

"Mama, zima moto."

Karibu na Msagali, kabla ya Dodoma, gari lilishindwa kupanda mlima, breki zikagoma, likaanza kurudi nyuma kwa kasi mpaka likagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Tuliyapata kwa redio kidogo kidogo, idadi ikipanda kila taarifa ya habari.

Jioni ile niliwaangalia wale kuku tisa kwenye tenga, wazima, na kwa sekunde moja nilifurahi kwamba hatukupata hasara. Sekunde moja tu. Halafu nikaona tenga lile lilikuwa linasubiri mikono ya nani. Nimezeeka kidogo tangu hapo, na bado sekunde ile ninayo.

Gari la kwanza lililokuja baada ya hapo, abiria walishuka kimya. Fundi alitembea kando ya mabehewa akigonga magurudumu kwa nyundo, ting, ting, kama alivyofanya miaka yote bila mtu kumjali, na safari hii watu wote walisimama na sahani mkononi kumsikiliza.

Simu za mkononi zilipofika Saranda, wanawake wote wakawa na mpwa au binamu Dodoma wa kumpigia. Nilidhani mama amekwisha. Haikuwa hivyo mara moja. Binamu aliweza kusema "limeondoka", lakini hakujua litapishana na nani na wapi, na hapo ndipo saa mbili za mtu zinapopotelea. Kwa miaka kadhaa wenzake walipata habari haraka kuliko mama, na mama akapata habari sahihi kuliko wao. Mpaka leo nikipigiwa simu na dereva anasema "bosi nipo njiani", huwa namuuliza mbele yake kuna nini. Wengi hukasirika.

Kilichomshinda ni mvua na lami. Mvua za mwisho wa 2009 ziliichimba reli kati ya Kilosa na Gulwe, mto ukachukua tuta, na magari ya kutoka Dar es Salaam yakakatika kwa miezi. Miaka hiyohiyo barabara ya Dodoma kwenda Manyoni na Singida ikawekwa lami. Wauzaji wengi wakahamia barabarani. Mama naye akajaribu. Alikaa na sinia kando ya lami wiki kadhaa, akarudi amekonda.

"Basi halina mwenyewe," alisema. "Linakuja likitaka."

Nilimwelewa vizuri. Basi linapita asubuhi, mchana, usiku. Halimwombi mtu njia, hakuna chumba chenye mtu anayejua lilipo. Chakula kikae cha moto kutwa nzima, kwa mteja ambaye labda atasimama, labda la. Ujuzi wake wote wa miaka ishirini ulikuwa umejengwa juu ya gari linalochelewa lakini linalojulikana limechelewea wapi. Vijana waliweza barabarani kwa sababu walikimbia haraka. Yeye hakuwa anategemea miguu.

Alistaafu, kama naruhusiwa kutumia neno hilo. Magari ya reli ya zamani bado yanapita Saranda, na bado kuna kuku. Nikienda kumsalimia huwa tunakaa nje, na honi ikilia kwa mbali anasema, bila kugeuka, "La mizigo, halisimami," na kweli halisimami.

Mwaka 2024, treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma, nilikuwa Dar es Salaam kwa shughuli zangu nikaamua kurudi nayo. Sina neno baya. Iliondoka kwa dakika iliyoandikwa kwenye tiketi, kiti laini, baridi ya kiyoyozi, na kwenye skrini wanakuonyesha mwendo. Nilitazama Morogoro ikija na kupita, nikatafuta kwa macho eneo la Msagali lakini tulikwenda upesi mno. Chini ya saa nne nikawa Dodoma. Nikampigia mama pale pale nje ya stesheni.

"Umefika? Umetoka saa ngapi?"

Nikamwambia.

Akanyamaza kidogo, anapiga hesabu yake. "Mmepishana wapi?"

"Hatukupishana, mama. Sikuona tukisimama kumsubiri mtu."

"Haya. Na mlikula wapi?"

"Hatukula. Madirisha yenyewe hayafunguki."

Nilisikia akimgeukia mtu pembeni, nadhani mjukuu, akimweleza kwamba madirisha hayafunguki. Kisha akarudi kwenye simu akaniuliza nitafika Saranda siku gani, na kama nitakuja na gari au na basi, ili ajue kuku amchinje saa ngapi.